Maneno Haya ni ya Nani?
Jinsi Majarida ya Wataalamu Yanavyoshughulikia Wizi wa Maandishi

MASOMO YA WATU WAZIMA KWA REDIO

Kwa mwalimu wa kikundi: Kabla ya kusikiliza, andika ubaoni maneno haya manne, na darasa lote liyasome kwa sauti: mswada, mhariri, mhakiki, kutangua. Maana zake zimo ndani ya somo. Maswali ya kuzungumza yako mwisho.

 

Leo tutazungumza juu ya wizi. Lakini si wizi wa kuku, wala wa baiskeli, wala wa mahindi shambani. Ni wizi wa maandishi. Maana yake ni mtu kuchukua maneno aliyoyaandika mwenzake, au kazi aliyoifanya mwenzake, akatia jina lake na kusema, "Hii ni yangu."

Huenda mmoja wenu akasema, "Mwalimu, mimi ndiyo kwanza najifunza kuandika barua. Wataalamu wakiibiana maneno, mimi yananihusu nini?" Swali hilo ni zuri, nami nitalijibu kabla hatujaachana. Kwa sasa nitasema jambo moja tu. Ukimpeleka mtoto hospitali ana homa, daktari atakupa dawa na kukuambia kipimo chake: kiasi hiki asubuhi, kiasi hiki jioni. Kipimo hicho daktari hakukiota usiku. Kilitokana na majaribio. Watu waliyafanya majaribio hayo, wakayaandika, yakapigwa chapa, na madaktari wengine wakayasoma. Ikiwa maandishi yale ni ya uongo, basi uongo huo unaweza kusafiri mpaka ukafika katika kijiko cha mtoto wako.

JARIDA LA WATAALAMU NI NINI

Kwanza tuelewane juu ya jarida. Gazeti mnalijua: hutuletea habari za jana na leo. Jarida la wataalamu ni namna nyingine. Humo huandika watu waliochunguza jambo fulani, kama vile ugonjwa, udongo, nyota au lugha, nao huwaeleza wataalamu wenzao walichokifanya, walikifanyaje, na wamepata nini.

Majarida ya namna hii ni ya zamani. Mwaka 1665, katika mji wa London, Henry Oldenburg, katibu wa chama cha wataalamu kiitwacho Royal Society, alianza kutoa jarida linaloitwa Philosophical Transactions. Linatolewa hata leo. Chama kile kilikuwa na desturi ya kuandika tarehe ambayo barua ya mvumbuzi ilipokelewa. Kwa nini tarehe? Ili watu wawili wakigombania uvumbuzi mmoja, ijulikane nani alitangulia kusema. Mpaka leo majarida mengi hupiga chapa, karibu na kila makala, tarehe ambayo makala hiyo ilipokelewa. Tarehe hiyo ni shahidi wa mwandishi.

Kwetu Afrika Mashariki pia yako majarida. Moja lao linaitwa Kiswahili, nalo hutolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Asili yake ni taarifa za Kamati ya Lugha zilizoanza kutolewa mwaka 1930.

SAFARI YA MSWADA

Sasa tufuate safari ya maandishi. Mtafiti akimaliza kazi yake huandika habari zake zote. Maandishi hayo, kabla hayajapigwa chapa, huitwa mswada. Mtafiti huupeleka mswada kwa jarida, na pamoja nao hutoa ahadi kwamba kazi ni yake, na kwamba haijatolewa mahali pengine.

Mswada hupokelewa na mhariri. Mhariri ndiye mlinzi wa mlango. Akiona unafaa kuangaliwa, huupeleka kwa watu wawili au watatu wanaoijua kazi ile sawasawa. Hao tutawaita wahakiki. Wahakiki huusoma kwa siri, kisha humwandikia mhariri: mswada huu ni mzuri, au, una makosa haya na haya, au, haufai. Mhariri huyapima maneno yao na kuamua.

Angalieni vizuri jambo hili. Mswada ni kama mzigo uliofungwa. Mwenyewe ameukabidhi kwa mtu asiyemjua, naye mhariri ameukabidhi kwa watu wengine ambao mara nyingi mwenyewe hatawajua majina yao. Safari yote imejengwa juu ya uaminifu.

WIZI WA MAANDISHI UNA NAMNA NYINGI

Tuchukue mfano. Tuseme bibi mmoja, jina lake Asha, amepima maji ya visima 10. Amekwenda kwa miguu kila mwezi kwa mwaka mzima, amechota, amepima, ameandika. Kisha ametoa makala yake. Baadaye bwana mmoja, jina lake Juma, naye anaandika juu ya maji. Juma anaweza kumwibia Asha kwa namna tano.

Namna ya kwanza: ananakili maneno ya Asha kama yalivyo, hamtaji Asha, wala hatii alama za kunukuu.

Namna ya pili: anabadili neno hapa na neno pale. Asha ameandika "maji machafu", Juma anaandika "maji yasiyo safi". Mwendo wa mawazo ni ule ule, na Asha hatajwi. Kupaka baiskeli ya wizi rangi mpya hakuifanyi iwe yako.

Namna ya tatu: anachukua hesabu za Asha, picha zake au jedwali lake. Huu ni wizi mzito zaidi, maana Juma hakwenda kisimani hata siku moja.

Namna ya nne: anaitafsiri makala ya Asha kutoka lugha moja mpaka nyingine. Maneno yote yamekuwa mengine, lakini jasho ni la Asha.

Namna ya tano: anachukua fikira ya Asha kabla Asha hajaitangaza. Labda ameuona mswada wake mezani kwa mtu.

Iko namna nyingine ambayo si kumwibia Asha, lakini majarida huikataa pia. Hiyo ni Juma kuichukua kazi yake mwenyewe aliyokwisha kuitoa, kuipa kichwa kipya cha habari, na kuipeleka kwa jarida jingine kana kwamba ni kazi mpya. Mtasema, "Mtu atajiibiaje?" Subirini, tutaona madhara yake.

Juma angeweza kufanya haya yote kwa halali. Angeandika tu: "Asha alipima visima 10, naye aliona hivi." Maneno ya Asha yenyewe angeyatia ndani ya alama za kunukuu. Kutumia kazi ya mwenzako si kosa, kwa kuwa elimu yote hujengwa hivyo. Kosa ni kumficha mwenye kazi. Ninyi mnaopenda mashairi mnalijua jambo hili, kwani washairi wa Kiswahili mara nyingi hutaja jina na mji wao katika ubeti wa mwisho, ili msomaji ajue nani ametunga.

KISA CHA MWAKA 1978

Sasa nitawasimulia kisa cha kweli. Kilitokea Marekani, nacho kinaonyesha kwa nini mhariri hawezi kusema, "Haya ni maneno tu, tuyaache."

Mwezi wa Novemba 1978, bibi mmoja mtafiti, Helena Wachslicht-Rodbard, wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, alipeleka mswada kwa jarida kubwa la madaktari, The New England Journal of Medicine. Mkuu wake wa kazi, Jesse Roth, alikuwa pamoja naye katika kazi ile. Mswada ulihusu watu wenye ugonjwa wa kujinyima chakula mpaka wakakonda vibaya. Ugonjwa huo huitwa anoreksia. Bibi Helena alichunguza jinsi insulini inavyojishika kwenye chembe za damu za wagonjwa hao. Insulini hutengenezwa na kongosho, nayo huusaidia mwili kutumia sukari.

Mhariri akaupeleka mswada kwa wahakiki. Mmoja wao alikuwa Philip Felig, profesa mashuhuri wa Chuo Kikuu cha Yale. Felig akampa msaidizi wake, Vijay Soman, autazame. Soman naye alikuwa akishughulika na jambo lile lile. Jibu lililotoka Yale likasema mswada usikubaliwe. Lakini kumbe Soman alikuwa ametoa nakala ya mswada na kuiweka.

Haukupita muda mrefu, Soman na Felig wakapeleka mswada wao, juu ya jambo lile lile, kwa jarida jingine liitwalo The American Journal of Medicine. Mhariri wa huko akatafuta mhakiki. Akamchagua nani? Akamchagua Jesse Roth. Naye Roth akampa Helena ausome. Basi yule bibi akaanza kusoma, na humo ndani akakuta maneno yake mwenyewe. Hayakuwa mengi, yalikuwa kama maneno 60 tu, lakini yalikuwa yake, neno kwa neno.

Mwaka 1979 Bibi Helena alimwandikia mhariri wa The New England Journal of Medicine akalalamika. Wakubwa wakazungumza wao kwa wao, na makala ya Helena ikatoka kwanza, mwaka ule ule wa 1979. Wengi wangeridhika hapo. Yeye hakuridhika. Alitaka kujua jambo kubwa zaidi ya maneno 60: je, ile kazi ya Yale ilifanywa kweli? Wagonjwa walikuwapo? Walipimwa? Aliandika barua mpaka kwa mkuu wa skuli ya udaktari ya Yale.

Kuna methali isemayo, Mnyonge msonge. Yule bibi alikuwa mtafiti kijana, na mbele yake walisimama watu wenye vyeo. Lakini hakukubali kusongwa. Mwishowe, mwezi wa Februari 1980, daktari mmoja kutoka Boston, Jeffrey Flier, alitumwa Yale kukagua kumbukumbu. Alilinganisha hesabu zilizomo katika makala na hesabu zilizomo katika madaftari. Hazikupatana. Soman akakiri, akaacha kazi. Makala ile ilikuwa imekwisha kupigwa chapa mwezi wa Januari 1980. Ikatanguliwa, na nyingine kadhaa za Soman zikatanguliwa pia. Felig hakuwa yeye aliyenakili, lakini jina lake lilikuwa juu ya makala. Alikuwa amehamia Chuo Kikuu cha Columbia, na mwaka ule ule akajiuzulu huko.

Mmeona? Maneno 60 yalikuwa kama alama za nyayo. Aliyezifuata alifika mahali ambapo hapakuwa na kazi ya kweli. Hilo ndilo jambo kubwa la somo letu. Jarida linapouliza, "Maneno haya ni ya nani?", nyuma yake kuna swali lingine: "Ni nani aliyeifanya kazi hii, na je, ilifanywa?"

(Mwalimu asimamishe hapa. Wanafunzi wawili wakisimulie kisa kwa maneno yao wenyewe.)

KOMPYUTA INAHESABU, MTU ANAAMUA

Bibi Helena aliutambua wizi kwa bahati. Kama mswada ule ungepelekwa kwa mhakiki mwingine, pengine asingejua kamwe. Siku hizi majarida hayategemei bahati peke yake.

Mwaka 2008, shirika la wachapishaji liitwalo Crossref lilianzisha huduma ya kulinganisha miswada. Hapo kwanza iliitwa CrossCheck, na siku hizi inaitwa Similarity Check. Wachapishaji wengi huweka makala zao katika ghala moja la kompyuta. Mswada mpya ukifika, kompyuta huulinganisha na makala zilizomo ghalani na maandishi mengine mengi. Kisha humpa mhariri taarifa: maneno haya yanafanana na makala ile, na mafungu haya yanafanana na kitabu kile. Pia hutoa hesabu moja, kwa mfano 20 katika 100.

Hesabu hii maana yake nini? Chukueni punje 100 za maharage mzimwage mezani. Ikiwa 20 ni nyekundu na 80 ni nyeupe, basi nyekundu ni 20 katika 100, yaani asilimia 20. Vivyo hivyo, asilimia 20 ya mswada ina maana kwamba katika kila maneno 100, kompyuta imeyakuta 20 yanayofanana na maandishi ya mahali pengine.

Lakini msifanye haraka kusema, "Asilimia 20! Huyu ni mwizi." Kompyuta haijui wizi, inajua kufanana tu. Huenda maneno yale ni majina ya vitabu, ambayo kila mtu huyaandika kwa namna moja. Huenda mwandishi ameyanukuu kwa halali na kumtaja mwenyewe. Huenda ni maelezo ya kipimo cha kawaida, na watu wote hukieleza hivyo hivyo. Kwa hiyo mswada wenye asilimia 30 unaweza kuwa safi. Na mswada wenye asilimia 5 unaweza kuwa na wizi, kama sehemu hizo 5 ndizo moyo wa kazi yenyewe.

Tena kompyuta ina upofu wake. Mara nyingi haitambui makala iliyotafsiriwa kutoka lugha nyingine. Haitambui fikira iliyoibiwa ikavikwa maneno mapya. Wala haiwezi kuulinganisha mswada na kitu ambacho hakimo ghalani. Kumbukeni kwamba mswada wa Bibi Helena ulinakiliwa kabla haujapigwa chapa. Kompyuta isingeukuta.

Wala msidhani mambo hayo yalikwisha zamani. Mwaka 2015 daktari mmoja wa Marekani, Michael Dansinger, na wenzake walipeleka mswada kwa jarida Annals of Internal Medicine, ukakataliwa. Mwaka 2016 kazi yao ilitokea katika jarida jingine, chini ya majina ya watu wengine. Mmoja wa watu hao alikuwa mhakiki wa mswada ule. Makala ya wizi ilitanguliwa mwaka huo huo, na Dansinger akaandika barua ya wazi kwa aliyemwibia. Ndiyo maana majarida huwaambia wahakiki: mswada huu ni siri, usitoe chochote ndani yake kwa faida yako, usimwonyeshe mtu bila ruhusa ya mhariri, na kama nawe unashughulika na jambo hilo hilo, sema mapema.

MHARIRI ANAFANYA NINI

Sasa tuseme mhariri ameona maneno ya kutiliwa mashaka. Afanye nini? Atangaze? Apige simu polisi?

La. Mwaka 1997, wahariri wachache wa majarida ya udaktari huko Uingereza waliunda kamati ya maadili ya uchapishaji. Kwa ufupi huitwa COPE, na sasa ina majarida mengi ya nchi nyingi. Kamati hiyo imechora njia ya kufuata, hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni kutazama uzito wa jambo. Je, ni mafungu mafupi ya maneno, au ni kurasa nzima na hesabu za mtu mwingine? Kosa dogo na kosa kubwa hayahukumiwi sawa.

Ikiwa ni mafungu mafupi tu, na hasa kama mwandishi anaandika kwa lugha isiyo yake, mhariri humwandikia kwa upole. Humweleza desturi ya jarida, na kumwambia ayaandike upya kwa maneno yake au ayatie alama za kunukuu na kumtaja mwenyewe. Kisha mswada huendelea na safari yake. Hili ni jambo la haki. Mtu anayeandika kwa lugha ya kigeni mara nyingi huogopa kukosea, akashika sentensi ya mwingine kama mtu anayevuka mto anavyoshika kamba. Afundishwe, asifukuzwe.

Ikiwa ni wizi wa wazi, mhariri humwandikia mwandishi na kuambatanisha ushahidi: huu ndio mswada wako, hii ndiyo makala ya mwenzako, na haya ndiyo maneno yanayofanana. Humwomba aeleze. Hamwiti mwizi kabla hajamsikia, kwa maana huenda kuna maelezo.

Mwandishi akieleza vizuri, ikaonekana ni kosa la kutojua, mhariri humwonya na kumfundisha. Akikiri, au maelezo yake yasitosheleze, mswada hukataliwa, na waandishi wote waliotia majina huandikiwa, si mmoja tu. Tena mhariri anaweza kumjulisha mkuu wa chuo au taasisi ambako mwandishi anafanya kazi. Mwandishi asipojibu, wenzake huandikiwa. Nao wasipojibu, chuo chao huandikiwa, tena na tena.

Kwa nini chuo? Kwa sababu jarida si mahakama. Mhariri anaweza kukataa mswada, lakini hana uwezo wa kuingia ofisini mwa mtu na kufungua madaftari yake. Mwajiri anaweza. Kumbukeni Yale: jibu la mwisho lilipatikana kwa kukagua madaftari.

IKIWA MAKALA IMEKWISHA KUPIGWA CHAPA

Wahenga walisema, Siku za mwizi ni arobaini. Mara nyingine wizi hugunduliwa baada ya miaka, makala ikiwa imekwisha kusomwa duniani kote. Hapo mhariri hufanya nini?

Kama kosa ni dogo, jarida hutoa sahihisho. Kama uchunguzi haujaisha, linaweza kutoa tangazo la tahadhari kwa wasomaji. Na kama wizi umethibitika, jarida huitangua makala. Kutangua ni kutangaza kwamba makala hii haihesabiwi tena, na kueleza sababu.

Kwa kawaida makala iliyotanguliwa haichomwi moto. Huachwa mahali pake, lakini hutiwa alama kubwa inayosema imetanguliwa. Kwa nini isifutwe kabisa? Kwa sababu watu wengine wamekwisha kuitaja katika kazi zao. Ikitoweka bila habari, msomaji atakuta jina bila kitu na hatajua kilichotokea. Ni bora kibao kisomeke wazi kuliko njia kufichwa.

HASARA HUMFIKIA NANI

Sasa nalijibu lile swali la mwanzo: mambo haya yanatuhusu nini?

Kuna dawa iitwayo ondansetroni. Hutumiwa kuzuia kutapika kwa mgonjwa aliyepasuliwa. Mwaka 1997, Martin Tramèr na wenzake walitoa uchunguzi wao katika jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ. Walikusanya makala zote walizoweza kupata za majaribio ya dawa hiyo. Wakagundua kwamba majaribio mengine yalikuwa yametolewa mara mbili au zaidi bila kusema, hata kwa majina ya waandishi tofauti. Katika kila makala 100, makala 17 zilikuwa marudio. Na mtu aliyezijumlisha zote bila kujua angeiona dawa ina nguvu kuliko ilivyo, kwa asilimia 23.

Mnaona basi kwa nini kurudia kazi yako mwenyewe kwa siri ni kosa. Ni kama mtu mmoja kupiga kura mara tatu. Mgonjwa aliyepimwa mara moja amehesabiwa kama wagonjwa watatu. Daktari akisoma anadhani mashahidi ni wengi, kumbe shahidi ni mmoja amebadili kofia. Na wizi wa kazi ya mwingine huleta hatari ile ile, kwa sababu jaribio moja linaonekana kama majaribio mawili. Hasara haimfikii mwandishi aliyeibiwa peke yake. Inamfikia mgonjwa kitandani, ambaye hajui hata jina la jarida.

Siku hizi, tangu mwaka 2022, zimeenea programu za kompyuta zinazoweza kutunga maandishi marefu kwa dakika chache. Je, programu inaweza kuandikwa kama mwandishi wa makala? Mwaka 2023 ile kamati ya COPE ilijibu: hapana. Mwandishi ni mtu anayeweza kuulizwa na kujibu. Programu haiwezi kuitwa na mhariri ikaulizwa, "Wagonjwa hawa walikuwa wapi?"

NASI TUFANYE NINI

Wanafunzi wapenzi, ninyi mmeanza kuandika. Leo ni barua, kesho ni taarifa ya mkutano wa kijiji, keshokutwa labda ni historia ya ukoo wenu kama alivyosimulia bibi yenu. Basi shikeni desturi ya wataalamu wazuri. Ukiandika alivyosema mtu, taja jina lake. Ukiyachukua maneno yake kama yalivyo, yatie ndani ya alama za kunukuu. Ukipata habari katika gazeti, andika jina la gazeti na tarehe. Na kama hukuliona jambo kwa macho yako, usiandike kana kwamba uliliona.

Hakuna aliyepungukiwa heshima kwa kusema, "Haya nimeyapata kwa fulani." Msomaji wako atakuamini zaidi, kwa sababu umempa njia ya kwenda kuuliza.

 

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Mswada ni nini? Mhariri na mhakiki hufanya kazi gani?
2. Kwa nini jarida hupiga chapa tarehe ya kupokea makala?
3. Bibi Helena aliyatambuaje maneno yake? Kwa nini hakuridhika baada ya makala yake kutoka?
4. Mswada mmoja una asilimia 30 ya kufanana, mwingine una asilimia 5. Je, twaweza kusema upi una wizi? Elezeni.
5. Kwa nini makala iliyotanguliwa huachwa mahali pake?
6. Kazi ya nyumbani: Mwulize mzee mmoja habari ya zamani ya mahali penu. Andika sentensi tano. Sentensi moja iwe maneno yake mwenyewe, ndani ya alama za kunukuu, na jina lake uliandike.